Seahawk, NH90, Wildcat, Panther au Kamov: ipi ingeweza kuishi na chumvi ya Bahari ya Hindi?

Kwenye mabishano ya wapenda mambo ya ulinzi hapa Dar, helikopta za manowari hupangwa kwa makombora: hii inabeba manane, ile manne, basi ya kwanza imeshinda. Upangaji huo haumsaidii mtu mwenye meli. Mashine itafanya kazi baharini au itabaki pambo kutegemea urefu wa sitaha, nguvu ya bamba zake, kimo cha banda, na jinsi chombo kinavyokwenda mrama kusi ikivuma. Kombora linaweza kubadilishwa katikati ya maisha ya mashine. Sitaha ikishachomelewa imechomelewa.

Tathmini hii inazipima mashine tano, na droni moja mwishoni, kwa macho ya mtu anayeitazama bahari akiwa Kigamboni: joto la Februari, chumvi mwaka mzima, kusi ya katikati ya mwaka, na bohari ya vipuri iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Sitaha na banda

Kununua helikopta kabla ya kupima meli ni kama kununua kabati bila kupima mlango. Kipimo cha kwanza ni urefu wa mashine mapanga yakiwa yanazunguka, kuanzia ncha ya panga la mbele hadi ncha ya mwisho mkiani. MH-60R Seahawk ya Marekani ina mita 19.76. NH90 ya Ulaya inakaribia mita 19.6. AW159 Wildcat ya Uingereza, mtoto wa helikopta ya zamani ya Lynx, ina mita 15.24. AS565 Panther ni mita 13.7 hivi. Kamov Ka-27, ambayo ikiuzwa nje huitwa Ka-28, haizidi mita 16 ingawa uzito wake wa juu unafika tani 12. Sababu ya maajabu hayo ya Kamov itakuja.

Kipimo cha pili ni uzito, na hapa wengi hukosea hesabu kwa kuchukua uzito wa mashine ikiwa imetulia. Kanuni zinazotumika kwenye sitaha za mitambo ya mafuta baharini hudai bamba lihimili mara 2.5 ya uzito wa juu, kwa ajili ya siku ambayo mashine itatua kwa kishindo. Panther ya tani 4.5 inageuka tani 11 na zaidi. Wildcat ya tani 6 inakuwa 15. Seahawk ya tani 10.66 inavuka 26. Tofauti hiyo yote ni chuma cha ziada, na chuma hicho kinakaa juu kabisa, upande wa tezi, mahali ambapo kila tani inapunguza uthabiti wa chombo kidogo.

Kwa hiyo meli za doria za mita 40 hadi 60, ambazo ndizo nyingi katika pwani yetu, zijitoe kwenye mjadala huu mapema. Meli ya mita 80 au 90 inaweza kubeba mashine ya tani 4.5 hadi 6. Seahawk na NH90 zinataka frigeti (manowari ya ukubwa wa kati) ya tani 3,000 na kuendelea. Australia iliziweka Seahawk zake kwenye frigeti za Anzac zenye tani 3,600 hivi, na hata huko banda si la kutembea kwa kujinyoosha.

Banda lenyewe hupimwa vibaya. Watu huchukua urefu wa mashine iliyokunjwa (Seahawk hukunja mapanga kwa umeme na mkia wake hulazwa ubavuni, ikabaki mita 12.5 hivi), wanaongeza nusu mita, wanasaini. Wanasahau kwamba fundi lazima apite pande zote akiwa na sanduku la zana, na kwamba giaboksi kuu hutolewa kwa kunyanyuliwa kwenda juu. Kama dari la banda halina reli na winchi ya kunyanyulia, kazi hiyo itasubiri bandarini, na doria ya wiki tatu imekwisha siku ya nne.

Kuishika sitaha

Rubani mzuri anaweza kutua kwenye sitaha inayoyumba. Tatizo linaanza sekunde chache baada ya kutua, mapanga yanapopunguza nguvu na mashine inabaki ikitegemea matairi juu ya chuma chenye maji. Hapo kuna njia mbili kuu duniani, na uchaguzi wa helikopta ni uchaguzi wa njia hiyo pia, kwa sababu vifaa vyake vinakaa melini.

Njia ya kwanza ni ya waya na mtego. Wakanada waliianzisha miaka ya 1960 ili Sea King, mashine kubwa, iweze kutumika kwenye meli ndogo katika Atlantiki ya Kaskazini. Seahawk inatumia mfumo wa ukoo huo. Helikopta inasimama hewani juu ya sitaha na kushusha kamba nyembamba. Mtu wa sitahani anaunga waya mzito. Waya unavutwa juu na kufungwa. Kisha winchi ya meli inaivuta mashine chini taratibu mpaka ncha ya chuma iliyo tumboni iingie kwenye mtego na taya zifunge. Mtego huohuo unatembea kwenye reli na kuiingiza mashine bandani bila mtu kuisukuma. Katika bahari mbaya hakuna njia iliyo bora kuliko hii. Gharama yake ni reli zilizochimbiwa sitahani, winchi, chumba cha mtambo chini yake, na mtu anayesimama chini ya mapanga. Mtu huyo akumbuke umeme tuli: mwili wa helikopta unaosimama hewani hujikusanyia chaji, na asiyegusisha kamba kwenye fimbo ya kuitoa kabla hajaishika hupigwa mshtuko wa kumwangusha.

Njia ya pili ni ya chusa. Chini ya tumbo kuna chusa cha haidroliki, na sitahani kuna bamba la duara lililojaa matundu. Mashine inatua yenyewe, rubani anabonyeza kitufe, chusa kinashuka, kinashika tundu na kuvuta. Lynx na Wildcat zina nyongeza ambayo wengine hawana: mapanga yanaweza kugeuzwa pembe yakasukuma mashine chini badala ya kuinyanyua, na ikiwa imeshikwa na chusa inaweza kujizungusha palepale ili pua itazame upepo wakati wa kuondoka. NH90 na Panther nazo hutumia chusa. Mfumo huu ni rahisi kufunga kwenye meli iliyokwisha kujengwa, na hautaki mtu awe sitahani.

Kinachoharibika ni cha kawaida kabisa. Matundu ya bamba hujaa mchanga, vipande vya rangi na kutu, chusa kikashuka na kukosa pa kushika. Sili za haidroliki huvuja. Bamba lisafishwe kwa mkono kabla ya kila kipindi cha kuruka, tundu kwa tundu, na lisipakwe rangi na mabaharia wenye nia njema. Chusa pia hakiingizi mashine bandani. Panahitajika kitorori cha umeme au mfumo mwingine wa kuvutia, na hicho ndicho kipengele ambacho wauzaji hukiweka kwenye ukurasa wa mwisho wa bei.

Joto, ambalo brosha hailijui

Namba za brosha huandikwa kwa hewa ya nyuzi 15. Dar mchana wa Februari ni nyuzi 32 au 33. Hewa ya nyuzi 33 ni nyepesi kwa takriban asilimia 6, na kwa mapanga hiyo ni sawa na kuruka ukiwa zaidi ya mita 600 juu ya bahari hata kama tairi linagusa maji. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi na moto wake unafikia kikomo cha joto mapema. Ukichanganya hasara hizo mbili, mashine iliyobeba sona (chombo cha kusikiliza nyambizi chini ya maji), topido mbili na mafuta kamili kwenye karatasi inalazimika kuacha kimoja ardhini.

Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Kusi, pamoja na mawimbi yake, huipa helikopta upepo wa kuisaidia kusimama hewani, na meli ikielekezwa vizuri huongeza upepo huo. Siku ngumu kwa injini ni zile za kaskazi iliyolala, bahari shwari kama kioo, joto kali na hakuna upepo. Muuzaji aombwe jedwali la nyuzi 35, upepo sifuri, injini moja imezima. Akileta la nyuzi 15, arudishiwe.

Pwani hii ilishawahi kutoa somo hilo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, Waingereza walileta ndege za baharini za Sopwith mapema 1915 kwenye kisiwa cha Niororo, na joto likazishinda. Zilikuwa zikihangaika hata kuruka. Kazi ya kuelekeza mizinga ya manowari zao, Severn na Mersey, iliyoimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915, ilifanywa na ndege za magurudumu kutoka kiwanja kilichofyekwa Mafia.

Injini mbili ni sharti. Helikopta ya kutafuta nyambizi husimama hewani usiku, kama mita 20 juu ya maji, ikiwa imening'iniza sona kwa waya. Injini moja ikizima hapo, rubani ana sekunde chache za kukata waya, kushusha pua na kupata mwendo. Ndiyo maana AW101 Merlin ya tani 14.6 ina injini tatu. Merlin ni mashine bora sana na haituhusu. Haina meli ya kuikaa upande huu wa bahari.

Seahawk

MH-60R ndiyo kipimo cha wengine. Ina injini mbili za T700, ukoo uleule unaoendesha Black Hawk na Apache, kwa hiyo mafundi na vipuri vimetapakaa duniani. Ina rada, sona ya kuzamisha, maboya ya sona, topido ya Mk 54 na makombora ya Hellfire, na vyote vinazungumza na meli. Muundo wake ulishafikiriwa kwa meli tangu siku ya kwanza: gurudumu la nyuma lilisogezwa mbele ukilinganisha na Black Hawk ili mashine isihitaji sitaha ndefu ya kukanyaga.

Kasoro yake kwa kazi za pwani ni nafasi ya ndani. Sona na viti vya waendeshaji mitambo vinakula kabati, na kimo chake kinamlazimisha mtu kuinama. Ukiokoa watu kumi kutoka kwenye boti iliyopinduka, utawapanga juu ya vifaa. Nchi inayotaka uokoaji kwanza na nyambizi baadaye inalipia mashine ambayo nusu ya thamani yake haitaitumia.

Bei nayo isomwe kwa makini. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kuiuzia India mashine 24 kwa makadirio ya dola bilioni 2.6. Ukigawa unapata zaidi ya dola milioni 100 kwa kila moja, lakini ndani ya namba hiyo mna injini za akiba, rada za akiba, makombora, topido, mafunzo na vipuri. Wanaopiga mayowe kwamba ni ghali huilinganisha na bei ya mashine tupu ya mshindani. Mashine tupu hairuki mwaka wa pili.

NH90

Kwenye karatasi, NH90 inaipita Seahawk. Mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, amri za rubani zinapita kwenye nyaya za umeme badala ya fimbo za chuma, kabati lake ni refu na pana zaidi. Kwa mwanafunzi wa uhandisi ni furaha kuitazama.

Kwa mwenye meli ni habari nyingine. Norway iliagiza 14 mwaka 2001. Ilipofika Juni 2022 ilivunja mkataba, ikatangaza kuzirudisha zote na kudai fedha zake, kwa sababu ni mashine 8 tu zilizokuwa zimefika katika hali kamili ya kazi. Nchi ilihitaji saa 3,900 za kuruka kwa mwaka. Ilikuwa ikipata wastani wa saa 700 hivi. Mwaka uliofuata ikachagua Seahawk 6. Uholanzi nayo ilikwisha kusimamisha kupokea mashine mwaka 2014 baada ya kukuta kutu na uchakavu kwenye zile zilizotoka kufanya kazi baharini.

Kutu kwenye mashine ya kaboni? Ndiyo. Nyuzi za kaboni hazishiki kutu, ila zikigusana na aluminiamu mahali penye maji ya chumvi hufanya betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kila skrubu, kila bawaba, kila bamba la kuunganishia lazima liwe la titani au litengwe kwa sili, na sili moja iliyopasuka inatosha. Halafu kuna suala la matoleo: kila nchi ya Ulaya ilidai lake, yakazidi 20, na kipuri cha toleo moja si lazima kiingie kwenye jingine. Nchi ndogo ikijiunga na ukoo wa namna hiyo inakaa mwisho wa foleni. Kwa mazingira yetu jibu ni hapana, na si hapana ya kusitasita.

Wildcat na mama yake

Wildcat ya tani 6 inatumia injini mbili za CTS800 zenye nguvu nyingi kwa mwili wake, jambo linalosaidia wakati wa joto. Kitovu cha rota ni cha titani na hakina bawaba za kawaida, kwa hiyo mashine inaitikia mkono wa rubani papo hapo. Ukiongeza chusa na mapanga ya kusukuma chini, ni vigumu kupata mashine inayoishika sitaha ndogo kuliko hii. Rada yake inaona pande zote. Kwa boti ziendazo kasi inabeba makombora madogo ya Martlet, hadi 20, ya kilo 13 kila moja, silaha inayolingana na ukubwa wa adui.

Wasichokisema wauzaji ni kwamba tani 6 zinagawanywa. Jeshi la majini la Uingereza linaruka na Wildcat isiyo na sona ya kuzamisha. Korea Kusini na Ufilipino zilichukua zenye sona, na sona pamoja na topido vikipanda, mafuta hushuka. Mashine ya ukubwa huu inafanya kazi moja vizuri kwa safari moja. Anayetaka itafute nyambizi saa tatu mfululizo amekosea duka.

Mfano ulio karibu nasi ni Afrika Kusini, ambayo ina Super Lynx 300 nne kwa ajili ya frigeti zake za daraja la Valour. Makubaliano ya Februari 2012 kati ya Afrika Kusini, Msumbiji na Tanzania kuhusu ulinzi wa bahari ndiyo yaliyoweka kazi ya aina hii kwenye maji yetu. Nne ndiyo idadi ya chini kabisa kwa mashine yoyote, na hesabu yake ni rahisi: moja iko kwenye ukaguzi mkubwa, moja inafundishia marubani, moja inasubiri kipuri, moja iko melini. Ya melini ikiharibika, meli imebaki na sitaha. Wanaofikiria kununua mbili wanunue vipuri vya mashine nne, la sivyo wanunue boti.

Panther

Nyepesi, fupi, na imezoeleka. Ndugu zake wa kiraia wa ukoo wa Dauphin wamehudumia mitambo ya mafuta na uokoaji kwa miongo mingi. Rota ya mkia imefichwa ndani ya duara, kwa hiyo watu wa sitahani hawakatwi kichwa gizani, faida ambayo haithaminiwi mpaka siku ya ajali. Duara hilo hula nguvu zaidi mashine inaposimama hewani, na kwa joto letu utaliona pengo.

Swali lake ni umri. Ufaransa yenyewe imechagua H160M Guépard kuirithi. Walinzi wa Pwani wa Marekani, waliotumia ndugu yake MH-65 tangu miaka ya 1980, wanahamia MH-60T, na ugumu wa kupata vipuri ni sehemu kubwa ya sababu. China ilijenga ukoo huohuo kwa leseni kwa jina la Z-9, na Pakistan ilipata Z-9EC pamoja na frigeti zake za F-22P. Kwa kuwa vyombo vingi vya Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ asili yake ni China, Z-9 haiwezi kuachwa nje ya mazungumzo, lakini ichunguzwe kwa jicho lilelile: ahadi ya vipuri vya miaka 20 kwa maandishi, na banda la ukarabati lilipo.

Kamov

Sasa maajabu. Ka-27 ina rota mbili juu ya nguzo moja zinazozunguka kinyume. Kila moja inafuta msokoto wa mwenzake, hivyo rota ya mkia haihitajiki. Helikopta ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwenye mkia inaposimama hewani. Kamov inaipeleka yote juu. Mwili ni mita 11.3 tu kwa mashine ya tani 12. Upepo wa ubavuni, unaowatesa marubani wa mkia mrefu wakati meli haiwezi kugeuka, hauisumbui sana. Kama mashindano yangekuwa ya umbo peke yake, ingeshinda.

Bei ya umbo hilo iko juu ya kichwa chake. Nguzo yenye rota mbili inaifanya iwe ndefu kwenda juu, mita 5.4, na banda lililojengwa kwa Wildcat haliipokei. Fimbo, bawaba na sahani za kuelekeza mapanga ni mara mbili, na kila kimoja kinapakwa grisi na kukaguliwa katikati ya chumvi. Mapanga hukunjwa kwa mkono. Warusi walizoea kutandika wavu wa kamba sitahani ili matairi yasiteleze. Ni rahisi na unafaa, mpaka kamba ilowe mafuta.

Halafu injini. TV3-117 zilitengenezwa kwa wingi na Motor Sich, Zaporizhzhia, Ukraine. Baada ya 2014 mlango huo ulifungwa kwa Urusi, ikabidi itegemee VK-2500 inayojengwa kwake. Mwenye Kamov leo ana mashine ya nchi moja na kitabu cha injini cha nchi nyingine, nchi hizo ziko vitani, na malipo ya benki yana vikwazo vyake. Ubora wa muundo hautoi kipuri bandarini.

Chumvi na mafuta

Popote pesa itakapokwenda, kazi hizi mbili ndizo zitaamua kama mashine itafika mwaka wa kumi.

Giaboksi nyingi za helikopta zina ganda la magnesiamu kwa sababu ni nyepesi, na magnesiamu huliwa na chumvi kuliko chuma chochote kingine kwenye mashine. Mkwaruzo mdogo wa bisibisi kwenye rangi yake unatosha kuanzisha shimo. Mwili uoshwe kwa maji matamu baada ya siku ya kuruka chini chini juu ya bahari, matundu ya kutolea maji chini ya sakafu yazibuliwe, na viunganishi vya umeme vifunguliwe na kukaushwa kwa zamu. Injini huoshwa ndani kwa maji yaliyoondolewa madini, lita chache kwa kila moja, ikizungushwa bila kuwashwa, na lazima iwe imepoa kwanza. Chumvi ikiganda kwenye mapanga ya kompresa nguvu hupungua kidogo kidogo. Rubani analalamikia joto la injini, fundi anabadilisha kipima joto, na tatizo linabaki palepale. Meli isiyo na mtambo wa kutosha wa kuchuja maji ya bahari itaanza kubania maji ya kuoshea wiki ya pili. Mabaharia wataoga, mashine haitaoga.

Mafuta yana mtego wake. Manowari huhifadhi mafuta ya ndege yasiyoshika moto chini ya nyuzi 60. Jet A-1, yanayojazwa kwenye ndege pale Uwanja wa Julius Nyerere, yanaweza kutoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 38, na chumba cha chini cha meli katika joto letu hakiko mbali na hapo. Injini zote zilizotajwa zinachoma aina zote mbili. Anayekataa ni tangi la meli. Hata mashine iliyojaza Jet A-1 nchi kavu ikirudi melini inaingiza mafuta hayo bandani, kwa hiyo panahitajika utaratibu wa kuyatumia au kuyachanganya kabla ya kufunga mlango. Mpango wa kuagiza mafuta ya kijeshi upangwe pamoja na helikopta. Sampuli itolewe sehemu ya chini kabisa ya tangi kila asubuhi, kwenye chupa ya kioo, itazamwe kama kuna maji.

Droni kabla ya helikopta

Kwa meli isiyoweza kubeba hata Panther, Camcopter S-100 ya Austria inastahili kuangaliwa. Uzito wake wa juu ni kilo 200, rota ni mita 3.4, na inakaa hewani saa 6 ikiwa na mzigo wa kilo 34. Kamera na rada ndogo zinatosha kumkuta mvuvi haramu au boti iliyozima taa, na sitaha yake ni ya ukubwa wa chumba. Haiokoi mtu. Ajali kama ya MV Spice Islander ya Septemba 2011 inataka winchi na fundi wa kuishusha, si picha.

Injini yake ya awali inatumia petroli ya ndege, na petroli ni kitu ambacho nahodha yeyote mwenye akili hataki kukiona chini ya sitaha. Lipo toleo la mafuta mazito, yaani mafuta ya jeti badala ya petroli. Lidaiwe hilo, hata kama bei inapanda.

Uamuzi

Kwa frigeti kubwa yenye kazi ya kufukuza nyambizi, Seahawk, bila mjadala mrefu. Kwa meli ya doria ya mita 80 hadi 90 katika maji haya, Wildcat isiyo na sona: rada, kamera, winchi, bunduki ya mlangoni na maboya ya dharura ya kuelea, nne na si mbili. Panther ni ya pili kwa masharti ya vipuri. Mafundi wa msingi wapo; Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha ufundi wa ndege, ila somo la kutu ya baharini na mfumo wa chusa litabidi litoke kwa mtengenezaji, na liandikwe kwenye mkataba kwa idadi ya watu na miezi. Pia kiandikwe kipengele cha saa: mtengenezaji alipwe kwa saa ambazo mashine iko tayari kuruka, na akatwe kwa saa ambazo kipuri kimekwama kwake. Mtengenezaji anayekikataa kipengele hicho mezani ameshatoa makadirio yake ya saa.